Chenga, pikseli moto na mitego: jinsi mionzi inavyochakaza kamera za setilaiti

Tarehe 28 Oktoba 2003, muda mfupi baada ya saa nane mchana kwa saa za Afrika Mashariki, Jua lilifyatua mojawapo ya milipuko mikubwa kuwahi kupimwa. Setilaiti ya SOHO, mali ya mashirika ya anga ya Ulaya na Marekani, ilikuwa ikilitazama Jua kutoka umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, na iliunasa mlipuko huo vizuri kabisa. Haukupita muda mrefu, picha zake zikaanza kujaa chenga. Zikazidi hadi nyota zilizokuwa zikionekana nyuma ya Jua zikamezwa. Kila doa jeupe lilikuwa alama ya protoni iliyotoka kwenye Jua, ikapenya ukuta wa setilaiti na kupita katikati ya kihisi cha kamera.

Siku chache baadaye chenga zilipungua na SOHO ikaendelea na kazi. Picha zile bado husambazwa mtandaoni kila mada ya mionzi na kamera za angani inapozuka, na zimewafanya wengi waamini kuwa madhara yenyewe ndiyo hayo. Kwa maoni yangu zinapotosha. Chenga zina kishindo, lakini zinapita. Kinachoichakaza kamera hasa hutokea mara chache zaidi, hakionekani siku kinapotokea, na kikishaingia kwenye silikoni hukaa humo kwa miaka. Kuna hata kamera zilizoumia vibaya bila chenga za kutisha kutangulia.

Kihisi hakijui elektroni imetoka wapi

Kihisi cha kamera, kiwe cha simu yako au cha darubini ya angani, ni kipande chembamba cha fuwele ya silikoni kilichogawanywa katika vijisehemu viitwavyo pikseli. Mwanga ukiigonga silikoni, hung'oa elektroni kutoka kwenye atomu zake. Kila pikseli hukusanya elektroni zake, na muda wa kupiga picha ukiisha zinahesabiwa. Nyingi maana yake ni mwanga mwingi, chache maana yake ni giza. Hiyo ndiyo picha.

Udhaifu wote unaanzia hapo. Kihisi huhesabu elektroni bila kujua nini kilizing'oa. Chembe moja ya mwanga tunaouona hung'oa elektroni moja. Protoni yenye kasi ikipita katika silikoni ile ile huacha njiani mamia au maelfu ya elektroni. Ukizingatia kwamba galaksi ya mbali inaweza kuacha elektroni chache tu kwenye pikseli kwa dakika nyingi za kusubiri, utaona kwa nini protoni moja hung'aa kuliko galaksi nzima.

Hata jicho la binadamu halijasalimika. Wanaanga wa Apollo waliokuwa wakienda mwezini walisimulia kuona vimulimuli gizani wakiwa wamefumba macho. Zilikuwa chembe zenye nguvu zikipita kwenye macho yao.

Kwa darubini, chenga zina dawa rahisi. Badala ya kupiga picha moja ya saa nzima, piga mbili za nusu saa, au nne za robo saa, kisha zilinganishe. Galaksi itakuwepo kwenye zote, lakini protoni haipigi pikseli ile ile mara mbili isipokuwa kwa bahati tu. Kisichojirudia kinafutwa. Darubini ya angani ya Hubble imefanya hivyo tangu irushwe mwaka 1990.

Wanaoteseka na chenga ni kamera ndogo ambazo watu hawazijui: zile za kutazama nyota ili setilaiti ijue imeelekea wapi. Kamera hizo hazina muda wa kulinganisha picha, kwa sababu zinatakiwa kutoa jibu mara kadhaa kwa sekunde. Dhoruba ya Jua ikipiga, zinaona maelfu ya nyota za uongo na kupotea. Setilaiti isiyojua imeelekea wapi inaweza kulazimika kusimamisha shughuli zote na kujihifadhi, ikielekeza paneli zake kwenye Jua na kusubiri amri kutoka chini.

Zinatoka wapi, na nani anapita njia mbaya

Chembe hizi zina vyanzo vitatu. Jua hurusha protoni kwa vipindi, hasa linapofikia kilele cha mzunguko wake wa takriban miaka 11. Kutoka nje ya mfumo wetu wa jua huja miale ya kosmiki, michache lakini yenye nguvu kubwa mno. Na karibu nasi kuna mikanda ya Van Allen, iliyogunduliwa mwaka 1958 kwa vifaa vya James Van Allen vilivyokuwa ndani ya Explorer 1, setilaiti ya kwanza ya Marekani. Sumaku ya dunia imezinasa humo protoni na elektroni nyingi, zikizunguka kuifuata sumaku hiyo bila kutoka.

Kwa setilaiti za karibu, mikanda hiyo ndiyo balaa. Mhimili wa sumaku ya dunia umeinama, na kitovu chake hakikai sawasawa na kitovu cha dunia. Kimesogea kilomita mia kadhaa kuelekea upande wa Bahari ya Pasifiki. Matokeo yake, upande wa pili, kuanzia Brazil na kuvuka bahari kuelekea kusini mwa Afrika, mkanda wa ndani unashuka chini sana, hadi karibu kilomita 200 juu ya uso wa dunia. Eneo hilo huitwa Dosari ya Atlantiki ya Kusini. Hubble, inayozunguka kwenye kimo cha kilomita 500 hivi, hutumia karibu asilimia 15 ya muda wake humo, na muda huo haipigi picha za kisayansi. Kuzima upigaji picha, hata hivyo, hakuzuii protoni kupita kwenye silikoni. Kunazuia tu kupoteza picha.

Hapa ndipo pwani ya Kenya inapoingia kwenye hadithi. Roketi ikirushwa kutoka Cape Canaveral, ambako ni nyuzi 28.5 kaskazini mwa Ikweta, setilaiti yake hupanda na kushuka angalau hadi latitudo hiyo upande wa pili, isipokuwa ichome mafuta mengi kuubadilisha mwelekeo. Kwa hiyo lazima iikate Dosari. Ukirusha kutoka Ikweta, setilaiti inaweza kuzunguka juu ya Ikweta tu na kuugusa ukingo wa Dosari kwa mbali. Waitaliano walilijua hilo walipoweka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kupima eksirei za angani, ikapewa jina Uhuru. Haikuwa na vihisi vya picha tunavyovizungumzia leo, lakini ilinufaika na utulivu ule ule wa Ikweta. Jukwaa halirushi tena, ila kituo cha Malindi bado kinapokea data za darubini za eksirei zinazozunguka karibu na Ikweta, zikiwemo NuSTAR na IXPE. Hiyo IXPE ina uzito wa kilo kama 330 tu, na ilitumia roketi nzima ya Falcon 9 mwezi Desemba 2021, maana kutoka Florida kwenda kwenye njia ya Ikweta kunakula mafuta vibaya. Nani angelipa gharama hiyo kama mionzi ingekuwa jambo dogo?

Setilaiti za kupiga picha za ardhi hazina hiari hiyo. Taifa-1 ya Kenya, iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023, iliwekwa kwenye njia ya kutoka ncha hadi ncha ya dunia kama wenzake wengi wa kazi hiyo, kwa sababu njia hiyo huiwezesha setilaiti kupita mahali pamoja kwa mwanga unaofanana. Anayezunguka hivyo hukatiza Dosari kila siku, na juu ya ncha za dunia hukutana na protoni za Jua ambazo sumaku ya dunia haizizuii vizuri huko.

Atomu inapong'olewa mahali pake

Turudi ndani ya silikoni. Protoni nyingi hupita katikati ya fuwele zikisukuma elektroni pembeni tu, na elektroni zikishahesabiwa mambo yamekwisha. Mara chache sana protoni hugonga kiini cha atomu ya silikoni yenyewe. Kuing'oa atomu hiyo mahali pake kunahitaji nishati ya elektronvolti (kipimo cha nishati ya chembe) ishirini na kidogo. Protoni za mikanda ya Van Allen zina mamilioni ya elektronvolti. Atomu inaruka, inakwama mahali pasipo pake, na nyuma inaacha tundu.

Tundu hilo halitulii. Hata kwenye joto la kawaida hutangatanga ndani ya fuwele, na mara nyingi hukutana na atomu iliyoruka, yakafutana. Baadhi hayabahatiki. Tundu likikutana na atomu ya fosforasi, ambayo watengenezaji huiweka kwenye silikoni kwa makusudi ili kihisi kifanye kazi, viwili hivyo hushikamana. Au matundu mawili hushikamana yenyewe kwa yenyewe. Hapo pamezaliwa kasoro ya kudumu, ndogo kiasi cha atomu chache, ndani ya pikseli iliyokuwa safi.

Kasoro hiyo ina tabia mbili zinazofanana asili lakini zisizofanana madhara, na kuzichanganya ndiko kunakofanya maelezo mengi ya jambo hili yasieleweke.

Tabia ya kwanza: inakuwa ngazi. Katika silikoni safi elektroni inahitaji kuruka elektronvolti 1.1 kwa mkupuo mmoja ili iwe huru, na joto peke yake ni nadra kuiwezesha. Kasoro huweka kipandio katikati. Sasa elektroni inapanda kwa hatua mbili, na pikseli inajaa elektroni hata kama kifuniko cha kamera kimefungwa na hakuna mwanga wowote. Hii ndiyo pikseli moto. Kwenye picha huonekana kama nyota isiyohama. Kamera za kawaida wanazotumia wanaanga katika Kituo cha Kimataifa cha Anga hupata pikseli moto kadiri zinavyokaa huko, na baadaye hubadilishwa.

Kwa kuwa joto ndilo linaloendesha jambo hili, baridi ndiyo dawa ya kwanza. Kila unaposhusha joto kwa nyuzi sita hadi nane, umeme huo wa gizani hupungua karibu nusu. Kamera ya ACS ya Hubble, iliyofungwa mwaka 2002, hufanya kazi kwenye nyuzi 81 chini ya sifuri. Hata hivyo kasoro huongezeka kila siku, na zikiachwa picha ingejaa nyota za uongo.

Kwa hiyo kila baada ya wiki nne hivi Hubble hufanya jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza unashangaa: inazima mtambo wa baridi na kuacha vihisi vyake vipande joto hadi nyuzi kama 20 juu ya sifuri kwa saa kadhaa, kisha inavirudisha kwenye baridi. Sehemu kubwa ya pikseli moto zilizozaliwa mwezi huo hutoweka. Zile zisizotoweka hujumlishwa kwenye za miezi iliyotangulia, na jumla huzidi kupanda taratibu.

Kuna fumbo hapa ambalo binafsi hunipendeza. Maabara zinasema kwamba ule muungano wa tundu na fosforasi hauvunjiki hadi joto lifike karibu nyuzi 150. Nyuzi 20 hazitoshi kabisa. Na bado pikseli zinapona. Maelezo kadhaa yametolewa, hakuna lililoafikiwa na wote, na waendeshaji wa Hubble hawasubiri mjadala uishe. Kila mwezi wanapasha.

Baadhi ya pikseli moto zina ukorofi wa ziada. Zinawaka dakika hii, zinatulia saa ijayo, kisha zinawaka tena, kwa sababu kasoro iliyomo ndani hubadilika umbo kati ya hali mbili. Pikseli inayowaka daima unaiweka kwenye orodha na kuipuuza. Hii inayocheza huwezi kuipuuza wala kuiamini, na kamera ya kutafuta nyota inaweza kuidhania kuwa nyota halisi.

Mtego

Tabia ya pili ya kasoro ile ile ndiyo mbaya zaidi, na inahusu aina ya kihisi iitwayo CCD. Willard Boyle na George Smith waliibuni mwaka 1969 katika maabara za Bell, na mwaka 2009 ikawapatia Tuzo ya Nobeli. Karibu kila picha maarufu ya Hubble imepigwa kwa CCD.

CCD huhesabu elektroni mahali pamoja tu, pembeni mwa chipu. Elektroni za kila pikseli husukumwa kwenda pikseli ya jirani, kisha inayofuata, hadi zifike ukingoni. Umewaona vibarua wakimwaga zege ghorofani, wamepanga mstari na kupokezana karai? Hebu chukulia kila mmoja anamimina zege kutoka karai lake kwenda karai la mwenzake. Karai likiwa laini, zege lote linapita. Karai likikwaruzwa, kila mara kinabaki kidogo kimeng'ang'ania, na hicho kilichobaki kinadondoka baadaye kwenye mzigo wa nyuma usiokuwa wake. Kasoro ndani ya CCD ndiyo mikwaruzo hiyo. Inakamata elektroni inayopita, inaishikilia kwa muda, kisha inaiachia ikiwa imechelewa, nayo inahesabiwa katika pikseli ya nyuma.

Hasara ya kila hatua ni ndogo hadi inachekesha. Chukua CCD inayopoteza elektroni moja katika kila 10,000 kwa hatua. Kwenye ACS, elektroni za pikseli ya mbali kabisa hupitia hatua 2,048. Piga hesabu: karibu asilimia 18 ya elektroni hazifiki na wenzao. Nyota iliyo jirani na ukingo wa kusomea itapimwa sawasawa, na pacha wake aliye mbali ataonekana amepoteza karibu moja ya tano ya mwanga wake, na nyuma yake kuna mkia mrefu wa elektroni zilizochelewa.

Chenga unaziona na kuzifuta. Pikseli moto unaiona na kuiorodhesha. Mtego haukuonyeshi kitu cha kutilia shaka. Unakupa nyota nzuri yenye namba ya uongo. Mtaalamu anayepima ung'avu wa nyota ili akadirie umbali wake anapata umbali usio sahihi kwa sababu tu nyota ilianguka upande huu wa chipu badala ya ule. Kwa darubini ya Euclid ya Ulaya, iliyorushwa Julai 2023, hatari iko kwenye maumbo. Euclid hupima jinsi galaksi zilivyovutika kidogo mno kutokana na maada isiyoonekana iliyo njiani. Mkia wa elektroni nao huvuta umbo la galaksi, na usiporekebishwa kwa umakini unaweza kudhani umepima ulimwengu kumbe umepima uchakavu wa kamera yako.

Tena mitego huwaonea wanyonge. Ikipita shehena kubwa ya elektroni, mitego iliyopo hujaa upesi na zinazobaki hupita salama. Ikipita shehena ndogo, kama ya galaksi hafifu, sehemu kubwa inaweza kunaswa. Ndiyo maana tangu mwaka 2012 kamera ya WFC3 ya Hubble imekuwa na utaratibu wa kuwasha taa ndogo ndani yake yenyewe na kumwagia kihisi mwanga kidogo, elektroni kama 12 hadi 20 kwa kila pikseli, ili mitego ishibe kabla elektroni za maana hazijapita. Unachafua picha kwa makusudi ili usipoteze kilicho hafifu.

Njia nyingine ni hesabu. Mwaka 2010 wanaastronomia Jay Anderson na Luigi Bedin walichapisha programu inayoiga safari ya elektroni katika ACS na kuzirudisha zilizochelewa kwenye pikseli zao, wakitumia mikia ya pikseli moto zenyewe kujifunza mitego ilivyo. Ule ugonjwa wa kwanza ukawa kipimo cha ugonjwa wa pili. Kundi la Richard Massey lilifanya kazi ya aina hiyo hiyo mwaka huo huo. Marekebisho hayo sasa ni sehemu ya kawaida ya kuandaa picha za Hubble, lakini yana kikomo: elektroni ikishapotelea kwenye kelele, yaani makosa madogo ya kubahatisha ya kihisi chenyewe, hesabu haiirudishi.

Nimesema kupasha moto huponya pikseli moto. Mitego haiponi kwa njia hiyo. Kwa Hubble, miaka inavyozidi mitego inazidi, na kupasha kwa kila mwezi hakuipunguzi kwa kiasi cha maana.

Chandra: mlango uliosahaulika

Darubini ya eksirei ya Chandra ilirushwa tarehe 23 Julai 1999, kwenye njia ndefu inayoipeleka hadi karibu kilomita 140,000 kutoka duniani na kuirudisha karibu kila baada ya saa 64 hivi, ikikatiza mikanda ya Van Allen kila mara. Wahandisi walikuwa wameifunika kamera yake kwa ngao nzito. Protoni zenye nguvu ya kuipenya ngao zilijulikana, na hesabu ya madhara yake ilishafanywa.

Ndani ya wiki chache za mwanzo, CCD nane kati ya kumi za kamera ya ACIS zilikuwa zimeharibika kuliko ilivyotarajiwa. Mitego ilikuwa imeongezeka ghafla. Wahalifu walikuwa protoni dhaifu, za elektronvolti laki moja au mbili, ambazo bati jembamba lingezizuia. Hazikupita kwenye ngao. Ziliingia mlangoni: kwenye vioo vya darubini. Vioo vya eksirei huielekeza miale inapovigusa pembeni kwa pembe ndogo sana, na ikatokea kwamba protoni dhaifu nazo huteleza juu ya vioo hivyo hivyo na kukusanyika pale pale penye kamera. Protoni ya nguvu hiyo husimama ndani ya silikoni ikiwa imekwenda mikroni moja au mbili tu, na kina hicho ndicho hasa elektroni za CCD zile nane zilikokuwa zikisafiria.

CCD mbili zilizobaki zilinusurika kwa sababu zilikuwa zimegeuzwa, uso wa kusafirisha elektroni ukiwa upande wa nyuma. Protoni zilikwamia kwenye silikoni iliyokuwa mbele na hazikufika. Kitu kimoja, mionzi ile ile, na kilichoamua nani aumie ni upande gani wa chipu ulitazama mlangoni.

Suluhisho halikuhitaji ngao yoyote. Tangu Septemba 1999, kila Chandra inapokaribia mikanda, kamera husogezwa pembeni, nje ya mahali vioo vinapoelekeza, na hurudishwa hatari ikipita. Uharibifu mpya ukashuka na kuwa wa taratibu. Darubini ya Ulaya ya XMM-Newton, iliyorushwa Desemba mwaka huo huo, ilipata somo hilo bure na hufunga vichujio vyake mbele ya kamera inapopita humo. Kuhusu kupasha moto, Chandra ilijaribu, mitego ikaongezeka badala ya kupungua. Tangu mapema mwaka 2000 ikawekwa kwenye nyuzi 120 chini ya sifuri, baridi ambayo elektroni ikinaswa mtegoni hukaa humo muda mrefu, na mtego wenye kitu hauwezi kunasa kingine.

Ngao hazitoshi

Swali la kawaida ni kwa nini wasiweke chuma kinene tu. Protoni ya elektronvolti milioni 10 huzuiwa na alumini isiyofika milimita moja. Ile ya milioni 100 inahitaji karibu sentimita nne. Kila kilo ina bei yake, ngao nene nazo huzalisha chembe mpya zinapogongwa, na mwisho wa yote lazima uache tundu la kuingizia mwanga. Chombo cha Galileo, kilichozunguka Jupita kuanzia mwaka 1995, kilikuwa na ngao ya tantalamu ya sentimita moja kuizunguka CCD yake, na bado picha zake za karibu na mwezi Io zilikuja na madoa.

Jupita ina mikanda ya mionzi mikali kuliko ya sayari nyingine yoyote. JunoCam, kamera ya chombo cha Juno kilichofika huko Julai 2016, imekaa nje ya sanduku la titani linalolinda mitambo mingine, na ilitarajiwa kustahimili angalau mizunguko minane. Ilifika wa 47 ndipo dalili zikaanza kuonekana. Hali ilipozidi kuwa mbaya wataalamu waliamua kuipasha moto hadi nyuzi 25, na ikapata nafuu kwa muda. Kisha ikaharibika tena huku Juno ikijiandaa kupita kilomita 1,500 kutoka Io tarehe 30 Desemba 2023. Wakawasha hita hadi mwisho. Siku zikiwa zimebaki chache picha zikaanza kutakata, na za Io zikatoka safi. Inafaa kusema kwamba hapa kilichoshukiwa ni kifaa cha kurekebisha volti ndani ya umeme wa kamera, wala si pikseli zenyewe. Kihisi kizima chenye umeme mbovu ni kipofu vilevile. Kufikia mzunguko wa 74 kelele zilikuwa zimeanza kurudi.

Vihisi vya CMOS, vilivyoendelezwa na Eric Fossum na wenzake katika maabara ya JPL ya NASA miaka ya 1990 na ambavyo leo viko kwenye kila simu, vinakwepa mitego kwa sababu kila pikseli huhesabu elektroni zake papo hapo, bila kupokezana. Ndiyo maana vyombo vipya vingi vinaviendea. Pikseli moto havizikwepi. Na vina ugonjwa wao: chembe moja nzito inaweza kufungua njia ya mkato ya umeme ndani ya chipu, na umeme usipokatwa haraka chipu inaungua. Setilaiti ndogo za bei nafuu hufungwa vihisi vya kawaida vya CMOS, saketi ya kukata umeme huongezwa pembeni, na waliozijenga wanakubali kwamba zitafanya kazi miaka michache. Kwa safari ya miaka mitatu kwenye kimo cha chini, naona hayo ni maamuzi ya busara kuliko kulipia kihisi cha miaka 15.

Kabla ya kurushwa, vihisi hupigwa protoni kwenye mitambo ya kuongeza kasi ya chembe, kwa mfano katika Taasisi ya Paul Scherrer huko Uswisi, ambako dozi ya miaka kumi hutolewa kwa dakika chache. Kipimo hicho husaidia, ingawa hakiigi kila kitu: kihisi kilichopigwa kikiwa na joto huzaa kasoro tofauti na kilichopigwa kikiwa kwenye baridi ya kazini. Gaia, chombo cha Ulaya kilichopima mahali pa nyota kwa CCD 106 kuanzia mwaka 2014 hadi Januari 2025, kilijengwa kwa hofu kubwa ya mitego, kwa kuwa elektroni iliyochelewa hufanya nyota ionekane imesogea. Kikakuta Jua lililotulia kuliko kawaida, na madhara yakawa madogo kuliko yaliyokadiriwa.

Kwa anayetumia picha za ardhi, labda kufuatilia malisho au ukataji wa misitu kwa miaka 20, jambo la kuangalia ni moja. Kamera iliyochakaa inaweza kuonyesha badiliko ambalo halikutokea shambani. Si uchakavu wote unatokana na protoni. Kwenye setilaiti ya Suomi NPP, iliyorushwa Oktoba 2011, vioo vya darubini ya kamera yake iitwayo VIIRS vilififia kwa sababu ya uchafu wa tangsteni uliopigwa na miale ya urujuanimno. Chanzo kiwe kipi, waendeshaji hulazimika kutafuta kitu kisichobadilika wakipime tena na tena: taa za ndani, Mwezi, au maeneo ya jangwa yenye mchanga usioota kitu, kama lile la Libya liitwalo Libya 4. Tofauti wanayoiona huingizwa kwenye namba za marekebisho, na namba hizo huboreshwa mara kwa mara hata kwa picha za zamani. Kwa hiyo ukilinganisha picha ya mwaka 2005 na ya mwaka huu, hakikisha zote mbili zimetoka kwenye toleo moja la marekebisho. Toleo huandikwa ndani ya faili lenyewe.